Barua ya Nukta kwa Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasani, nikachukua chaki, nikaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko niliojivunia tangu chuo cha ualimu. Nyuma yangu watoto wakaanza kucheka. Nikageuka nimtafute mkorofi. Msichana mmoja wa dawati la mbele, uso ameuelekeza dirishani, akaniuliza, "Mwalimu, unaandikia nani fasi hiyo, pale ubaoni?"

Ilikuwa shule ya watoto wasioona, katika misheni moja juu ya mji wa Uvira. Nililijua hilo nilipopokea kazi. Mkono wangu tu ndio ulikuwa haujapata habari.

Mkuu wetu tulimwita Mama Direkta, mtawa mwenye sauti ya chini sana. Hakunikaripia. Baada ya masomo aliniketisha ofisini kwake, akaniwekea vifaa viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa tablete, kibao cha chuma kinachofunguka kama kitabu na kubana karatasi katikati, chenye safu za vijidirisha. Cha pili kilikuwa puanso, msumari mfupi wenye kishikio cha mbao. Kila kijidirisha kina nafasi ya nukta sita, na kwa hizo sita unapata herufi zote, kulingana na zipi umezibonyeza na zipi umeziacha. Unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta hutokeza upande wa pili. Ukiigeuza karatasi, maneno yanakaa sawa chini ya vidole.

"Hawa batoto hawakosi akili," aliniambia. "Banakosa macho tu. Fundisha vile."

Baada ya miaka mingi nikahamishiwa shule nyingine ya wasioona, Bukavu, chini ya Bwana Prefe, ndivyo kwetu tunavyomwita mkuu wa sekondari. Huyu alikuwa mkali. Siku moja alipita darasani akanikuta nimeshika mkono wa mwanafunzi mgeni, namwandikia jina lake ili asichoke.

"Mwalimu, hapa tunafundisha kusoma ama tunafundisha huruma?" akaniuliza mbele yao. "Huruma iko mingi kwabo nyumbani."

Nilimkasirikia siku kadhaa, halafu nikaona ana haki.

Mwanafunzi yule ndiye Riziki. Mama yake, aliyekuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alimleta asubuhi ya kwanza akakataa kuondoka. Alisimama nje ya dirisha mpaka kengele ya mwisho. Riziki alijifanya hajui kama yupo, ingawa darasa zima lilisikia harufu ya samaki.

Vita vilipofika, shule ikafungwa. Sikustaafishwa na mtu. Hakuna aliyenipa mkono wala cheti. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki na hatukujaliwa watoto. Niliingia Uganda na tablete yangu ndani ya koti, nikapewa kiwanja Nakivale, kambi ya wakimbizi. Ofisa wa elimu, Mganda mpole, aliisikiliza habari yangu hadi mwisho.

"Mzee, sasa hivi nafasi hakuna," akasema. "Ikipatikana tutakuita."

Nikalima mahindi na maharage.

Siku moja nilikohoa kwenye foleni ya maji, mwanamke mmoja akaita, "Huyu ni Mwalimu!" Alikuwa Riziki, mtu mzima sasa, ameshikwa mkono na mama yake. Tulikuwa tumeishi kambi moja bila kujuana. Tangu hapo tukawa tunaandikiana vikaratasi, mimi na yeye, mambo ya kawaida tu: mvua, bei ya chumvi, nani ameoa. Sikumjua mwingine Nakivale nzima aliyeweza kusoma maandishi yangu.

Kisha Riziki na mume wake wakapata safari ya Kanada. Faili ya mama yake ya kuhamia huko haikupita. Tukabaki wazee wawili. Nilimlimia shamba lake, naye alinitumia sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo. Masikio yangu yalikuwa yameanza kuwa mazito, kwa hiyo Riziki alipopiga simu, mama yake ndiye aliyesikiliza, kisha akanipigia kelele sikioni: "Anakusalimia! Anasema baridi ni mingi!"

Mwaka jana Mama Riziki akaugua moyo, akafariki. Mchungaji wa kanisa lake ndiye aliyempa Riziki habari. Baada ya mazishi, jirani yangu, mama mmoja Mrundi, aliniletea simu, Riziki akiwa upande wa pili. Niliibana sikioni nikasikia mlio tu, kama nyuki ndani ya kopo. Jirani akaichukua, akasikiliza, akanisemea kwa nguvu: "Anataka umwandikie, Mwalimu! Hataki ya simu, watu wote wanasikia. Anataka asome mwenyewe vile mama yake alienda!"

Nimewafundisha watoto wengi kuandika barua. Mwenyewe sikuwahi kutuma hata moja nje ya nchi. Ningemtumia nani?

Niliandika nikiwa nimekaa mlangoni, kwenye karatasi za manila, kwa sababu karatasi laini hutoboka. Nilimweleza ugonjwa ulivyoanza, waliombeba, nyimbo zilizoimbwa, kaburi lilipo. Nyumba ya Mama Riziki ilikuwa mbele yangu imefungwa. Mara kwa mara niliinua macho nione kama moshi unatoka jikoni, nikakumbuka, nikaendelea.

Mjini Mbarara nilifika posta kabla ya adhuhuri. Binti wa dirishani aliishika bahasha akaipapasa.

"Mzee, ndani iko nini? Inakwaruza."

"Barua."

Nilikuwa sijaifunga. Akaichungulia, akavuta karatasi nusu. "Mbona hakuna wino? Umesahau kuandika?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alifumba macho akapitisha kidole mstari wa kwanza, polepole. "Hapa umesema nini?"

"Nimesema, mwanangu Riziki, pole."

Akafumbua macho, akairudisha karatasi ndani kwa uangalifu. Akaniuliza kama natuma ya kawaida ama ya rejista, ile inayosainiwa kila inapopita. Nikataka ya rejista. Akauliza sanduku langu la posta. Nikampa la parokia, padri alikuwa ameniruhusu. Anwani ya Kanada nilikuwa nimeinakili herufi kwa herufi, kwa lugha nisiyoijua. Akagonga muhuri pembeni, akanipa risiti.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Hakuna, mzee. Imeenda."

Nilisimama nje barabarani muda mrefu. Kila mtu alikuwa na simu sikioni. Nilitamani kumweleza mtu kwamba nimetuma barua Kanada, na mtu niliyetaka kumweleza alikuwa amezikwa.

Jibu lilikuja mvua zikiwa zimekwisha. Katekista aliniletea mkononi. Sisi walimu tunaoona hatusomi kwa vidole. Tunainamisha karatasi kwenye jua tukasoma vivuli vya nukta. Riziki aliandika:

"Mwalimu, barua imefika. Huku mashine ndiyo inanisomea kila kitu, na haijui kuita jina la Mama. Yako nimeisoma mpaka fasi moja imelala, ni pale Mama alikuuliza kama huku kumekucha. Vidole vyangu vimeimaliza. Uniandikie tena hiyo fasi."

Ni kweli, nukta za karatasi hufa zikiguswa mno. Shuleni niliona vitabu vikiisha hivyo, barua sikuwahi. Na ni kweli mama yake aliniuliza. Jua lilikuwa linazama Nakivale, yeye amelala chali, akasema, "Kule kwa Riziki kumekucha?" Nikamjibu, "Kumekucha." Akafumba macho.

Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Sina pensheni ya kuwaonyesha, na siku nyingi napika chakula cha mtu mmoja. Lakini leo asubuhi nimebana karatasi mpya ndani ya tablete, nikauandika ule mstari. Kisha nikauandika tena chini yake, na tena, mpaka ukurasa ukajaa, ili mmoja ukilala, vidole vyake vishuke kwenye unaofuata.