Dada Yangu Kinywani mwa Deo

Ijumaa ile nilimuuza mbuzi wetu kwa pakiti ya biskuti. Sikumuuza mbuzi mwenyewe, niliuza habari zake.

Shule yetu ilikuwa ya Kiingereza katika mji wa mashariki ya Kongo ambako watoto wengine wote walisoma Kifaransa. Mwalimu mkuu, Mganda mrefu mwenye suti moja ya kahawia, aliamini kwamba lugha haikai kichwani mpaka mtu aitumie kusema mambo yake mwenyewe. Kila Ijumaa alitukusanya barazani, na kila mmoja kwa zamu akasimama kueleza jambo lililomtokea wiki ile. Ilibidi uanze na "I". Ukianza na "my uncle" unarudishwa kukaa, na darasa unafagia wewe.

Mimi sikukosa la kusema. Baba alipika sabuni ya mawese uani kwetu, na ule ua haukuwahi kupumzika: wateja, madumu, mbuzi, na jamaa waliokuja kusalimia wakabaki mwezi mzima. Mwenye shida alikuwa Deo. Alikuwa mtoto wa pekee wa tajiri wa malori, analetwa na dereva, anarudishwa na dereva. Kitu gani kingemtokea? Basi akawa ananunua. Ijumaa ile alinunua mbuzi aliyekula kipande cha sabuni akatoka povu mdomoni, hata jirani akakimbia kumwita mchungaji wa kanisa. Deo alisimulia vizuri kuliko ambavyo ningesimulia mimi. Alijua pa kunyamaza na pa kushusha sauti. Mimi mwenye mbuzi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Dada yangu Mapendo, aliyekuwa darasa la mwisho, alinifinya. "Na biskuti yangu iko wapi? Ile mbuzi ni ya sisi wote."

Nilimpa nusu. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, na yaya hanyimwi. Mapendo alikuwa na tabia moja iliyomchosha mama: yeyote aliyeingia uani, hata aliyekuja kugombana na baba, alimuuliza kwanza kama ameshakula. Mama alisema huyu ataolewa na njaa.

Siku iliyofuata tulisikia milio ya bunduki upande wa barabara ya kusini. Kabla ya Jumapili kupambazuka gari la baba yake Deo lilikuwa limeshavuka mpaka, na Deo ndani yake. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Mwenye gari apande gari.

Sisi hatukuwa na gari, na bibi yetu hakuweza kutembea. Baba alituingiza katika kibanda cha sabuni nyuma ya nyumba: bibi, mama, Mapendo, mimi na yeye mwenyewe. Tulikaa katikati ya madumu. Nje, wenye bunduki walivunja milango ya majirani mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama watu walioko kazini.

Kisha wakaingia kwetu.

Walianza na nyumba. Tulisikia sahani.

Bibi akakohoa. Mama akamziba mdomo kwa kitenge. Akakohoa tena.

Mapendo alisimama. Kando ya mlango kulikuwa na jagi la plastiki, la bluu, mpini wake umefungwa waya. Alilichukua. Baba alimshika mguu. Aliutoa mguu wake taratibu, akafungua mlango kiasi cha kupita mwili wake, akatoka, akaufunga.

Nilimsikia. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

"Karibuni. Maji iko. Mulishakula?"

"Bado, yaya," mmoja akajibu, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Akawaongoza mbele ya nyumba, mbali na kibanda. Sauti zao zikamfuata. Bibi alikohoa mara nyingi baada ya hapo, na hakuna aliyemsikia isipokuwa sisi.

Risasi ilikuwa moja.

Tulipotoka jioni, jagi lilikuwa limesimama kwenye ngazi, tupu. Mapendo alikuwa kando ya ukuta. Baba alimzika pale pale uani, kwa sababu njia ya makaburini ilikuwa mikononi mwao. Nilimchukia kila aliyekuwa hai siku ile, nikiwemo mimi.

Tulivuka kwenda Uganda, baba amembeba bibi mgongoni. Kambini alitangulia bibi, akafuata baba, kisha mama, kwa magonjwa ambayo wenye dawa hawafi nayo. Kati ya tuliokuwa ndani ya kile kibanda nimebaki mimi. Kwa miaka mingi sikumweleza mtu. Ningemweleza nani, na kambini kila hema lina Mapendo wake?

Ndipo wanafunzi wa zamani walipofungua kundi kwenye simu. Kumbe Kiingereza cha suti ya kahawia kilikuwa kimewafikisha mbali. Wengi walikuwa kando ya Washington. Solange alikuwa muuguzi, ana nyumba Temple Hills. Mwingine alitunza kompyuta Herndon, mwingine alikuwa na shahada mbili na anaendesha teksi. Deo aliishi huko huko Herndon, na kazi yake sikuielewa: "advocacy," alisema. Alinipigia simu mwenyewe.

"Baha, niambie yote. Mimi ni ndugu yako."

Nilimwambia yote, pamoja na kikohozi, jagi lenye waya, na yule aliyejibu "bado, yaya". Deo alilia. Hata leo siamini kwamba kilio kile kilikuwa cha uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Baadaye nilipata viza kwa mwaliko wa kanisa, nikafika Marekani, nikaomba hifadhi kama sheria ya hapa inavyoruhusu. Solange alinipa chumba. Alasiri moja akaniambia nivae vizuri twende Shaw, mtaa mmoja wa Washington. "Deo anaongea leo. Amekuwa grand monsieur, mtu mkubwa, utaona."

Ukumbi ulijaa wanafunzi. Kando yangu alikaa mama mmoja Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, aliyefurahi mno kutusikia tukisema Kiswahili kwa sababu alikisoma chuoni zamani. Deo akapanda jukwaani. Akaanza na "I".

Alisema alikuwa amejificha katikati ya madumu ya mafuta. Alisema bibi yake alikohoa. Alisema dada yake mkubwa alichukua jagi, na akainua mkono kana kwamba ameshika mpini. Macho yake yakapita juu ya watu, yakanifikia. Nilijua ameniona, kwa sababu alinyamaza mahali ambapo pale uani hapakuwa na kimya. Kisha akashusha sauti, akauliza ukumbi mzima kwa Kiingereza kama wameshakula.

Watu walilia. Safari hii hakulipa hata biskuti.

Yule mama alinishika mkono. "Pole sana, dada yangu. Kaka yenu ameteseka mno."

"Asante, mama," nikamjibu. Alikuwa mtu mwema, na uongo haukuwa wake.

Kabla sijajua nifanye nini, shida ilinitangulia. Wakili wangu, kijana wa Virginia aliyenisaidia bure, alisoma maelezo yangu mpaka mwisho. Kisha akanigeuzia kompyuta yake. Deo alikuwa humo, na suti yake. Wakili alisema afisa wa hifadhi ataiona video hii, na ataamini kuwa nimekariri hadithi ya mtu maarufu. Hadithi ya kukariri ingenirudisha nilikotoka. Akauliza kama kuna mtu anayeifahamu familia yangu, mtu anayejua pia kwamba Deo hakuwa na dada.

Nilicheka kwa furaha. Darasa zima lilijua. Wengine, nilipowaambia kwamba Mapendo aliuawa, walimlia kwenye simu pamoja nami.

Solange alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki, watu wakaja baada ya ibada. Watoto walikuwa chini na michezo yao, wakiitwa kwa Kiswahili na kuitika kwa Kiingereza. Deo naye alikuja, akanikumbatia. Nilingoja watu washibe, nikasema ninachotaka: waandike kwamba Mapendo alikuwa dada yangu. Hilo tu.

"Baha, ma chérie, usikasirike," Solange alisema. "Wakianza na Deo, wata-review file za sisi wote. Nani hapa hakuongeza chumvi?"

Mwenye teksi alisema ana watoto watatu. Wa kompyuta alisema shule yetu ina jina zuri hapa, tusilichafue. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimevaa nguo hiyo kwa miaka, nikiiita ndugu.

Deo aliongea kwa upole. "Hapa nilifika mikono mitupu, Baha. Waliuliza ni nini kilinitokea, na mimi hakikunitokea kitu. Wewe unaweza ku-change yako kidogo. Sema alikuwa kaka. Sema hakubeba maji."

"Mapendo awe kaka?"

"Ni papers tu."

"Pale Shaw hukumtaja jina. Kwenye papers zako ulimwitaje?"

"Béatrice. Jina la mama yangu, ili nisilisahau."

Nilichukua koti nikatoka nje. Hakuna aliyenifuata. Nilihama kwa Solange wiki ile ile.

Wakili hakuniambia nidanganye. Aliniambia nisiseme tu yale ambayo Deo ameshayasema. Yalikuwepo mengine ya kutosha: nyumba yetu, kaburi la uani, kambi, waliotishia kutuua tukirudi. Mbele ya afisa nilieleza kwamba dada yangu mkubwa alitoka nje na akapigwa risasi. Aliandika. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Nikapewa hifadhi. Sasa nina kazi, nina chumba changu, na watu husema Mungu amenitendea makuu. Sikatai. Lakini vita vilipomchukua Mapendo vilituachia kitu kimoja, namna alivyokwenda, na hicho ndicho tulichovuka nacho mpaka. Katika faili langu sasa anafungua mlango mikono mitupu, hasemi neno, anakufa. Mwenye jagi, anayewauliza wauaji kama wameshakula, ni Béatrice, dada wa Deo, ambaye hakuwahi kuzaliwa.