Kifundo Hakikuzunguka

Kamera iliyozeeka hunuka ukungu na ngozi iliyolowa, na harufu hiyo ndiyo iliyojaa chumba chetu cha mbele pale Mibirizi, miaka ile vita vya Kongo vilipokuwa vikiwaka ng'ambo ya mto. Maman alikuwa mpiga picha. Kila mtu alihitaji kitambulisho kipya, kwa hiyo kazi haikukosekana. Kilichokosekana ni kamera ya kuaminika. Alinunua zilizotumika, za bei nafuu, zisizotaka betri, kutoka kwa wachuuzi waliovuka daraja la Rusizi ya Pili wakitoka Bukavu.

Kuzikagua alijua, jamani! Alifungua mgongo wa kamera, akaielekeza juu kutafuta tundu linalopitisha mwanga. Kisha aliiweka sikioni, akafyatua kwa mwendo wa sekunde moja, akasikiliza kama inajikokota. Mchuuzi akiapa, "Maman, hii iko muzima kabisa, haiyaharibika hata siku moya," yeye humjibu, "Hata maiti banaisifu." Lakini kipimo chake kikubwa kilikuwa kifundo kidogo cha juu kushoto, kile cha kurudishia filamu. Ukivuta filamu, lazima kizunguke. Kisipozunguka, filamu haisogei, na picha mbili zitalaliana. Alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma.

Mwaka ule Koko, mama yake Maman, alikuwa amevimba miguu, na sote tulijua hatakaa sana. Hakuwa na picha hata moja. Zote zilipotea tulipokimbia vita vya kwetu, kabla ya hivi vya Kongo. Maman aliapa hatamzika mama yake bila kubaki na sura yake. Jumamosi moja alimpiga picha ya kitambulisho jirani yetu, Maman Esperansi, akahesabu kwamba imebaki nafasi moja ya mwisho kwenye filamu. Jirani huyo Koko alikuwa hajamsalimia tangu tuliporudi tukakuta mabati yetu juu ya jiko lake. Walipishana mlangoni. Koko akaketi kwenye kigoda kilekile, mbele ya shuka lilelile jeupe, na kitambaa chake cha maua kichwani.

Nilitaka kukaa naye. "Hapana," Maman akasema, "hii foto ni ya Koko yeye moya. Simama hapa." Nikasimama kando yake, nimenuna, mdomo umefura. Akavuta filamu. Macho yake yalikuwa kwa mama yake; yangu yalikuwa kwenye kifundo. Hakikuzunguka. Nilikiona vizuri kabisa, nikanyamaza. Shauri yenu, nilisema moyoni. Akafyatua.

Picha iliporudi kutoka kusafishwa Bukavu, ilikuwa na mwanamke mmoja mwenye nyuso mbili. Koko aliitazama, akacheka hadi akakohoa. "Bati zetu hazikumutosha, sasa amekamata na sura yangu!" Alifariki kabla Maman hajapata filamu nyingine.

Leo simu yangu ina picha za binti yangu hata akipiga miayo. Ile ya Koko iko ukutani kwa Maman, ndiyo hiyo hiyo moja. Juzi binti yangu aliniuliza huyo ni nani. Nikamwonyesha: kitambaa ni cha Koko, na sikio lile refu. Macho sijui ni ya nani. Nimeyasahau, na inaniuma. Maman, aliyekuwa akimenya ndizi, akasema anavyosema kila mara, "Ile kamera ilikuwa muongo."

Haikuwa mwongo. Nikachukua kisu, nikaketi, nikamsaidia kumenya.