Alizeti kwenye Kaburi la Osmund

Tangu Osmund azikwe, kila Notburga alipokwenda makaburini alikuta kichwa cha alizeti kimelazwa penye msalaba wa kaka yake, kimefungwa utepe wa kanga. Mjane hajui. Watoto hawajui. Mlinzi wa makaburi alizungukazunguka, mwishowe akatoboa: "Analeta binti mmoja wa ushungi, dada. Anashuka kwenye basi la Tunduru."

Moyo wa Notburga ukaingia ukungu. Kaka yake alikuwa fundi baiskeli pale Bombambili na sauti ya besi kwenye kwaya ya parokia. Lakini kila msimu wa alizeti alikuwa akienda Mtimbwani, kimji cha kando ya mto, eti kuwatengenezea wakulima minyororo. Minyororo gani ya kulala huko wiki nzima? Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilikuwa inakaribia, na yeye, dada mkubwa, ndiye wa kusimama mbele ya watu kumsemea marehemu. Angemsifuje mume mwema, naye Leticia mjane ameketi pale, kumbe kuna nyumba ya pili?

Akapanda basi, rozari mkononi.

Mtimbwani ilikuwa njano tupu. Alizeti ziliteremka kutoka nyuma ya nyumba hadi ukingoni mwa mto, nyuso zote upande mmoja, kama watu waliokuwa wakikusengenya wakanyamaza ulipotokea. Kwenye mashine ya kukamua mafuta aliuliza habari za Osmund fundi. Wanaume wakatazamana, wakacheka.

"Nenda kwa Alfani, mama. Ila wewe ni Mngoni? Basi leo kuku watafungiwa!"

Notburga hakucheka. Kwa Alfani alimkuta binti wa ushungi anapura kwa fimbo alizeti zilizowahi kukauka, kanga yake imechanwa pindo.

"Wewe ni nani kwa kaka yangu?"

Binti akapiga goti. "Shikamoo, mama. Mimi Shakila. Ngoja nimwite baba."

Mzee Alfani akatoka na magongo, akamkagua juu hadi chini. "Lahaula! Pua ileile! Dada wa mwizi wa kuku! Shakila, funga banda!"

Hapo ndipo Notburga alipoelewa: Myao. Mtani wa Wangoni, mwenye ruhusa ya kuwatukana hata msibani.

"Nilivunjika mguu, mpaka leo haujapona," Alfani akasema, sauti imeshuka. "Habari ilinikuta nimelazwa. Mngoni wangu kazikwa bila mtani wake! Nani alilala mbele ya jeneza akadai kuku? Alinitukana kichwa-alizeti maisha yake yote. Nikasema, kama mimi siwezi kwenda, kichwa kiende."

"Na wiki nzima hapa alikuwa anafanya nini?"

"Anakoroma! Anakoroma kwa besi, mpaka paka wetu alihama. Muulize Shakila."

Notburga alifunika uso kwa kanga. Mabega yakatikisika, na Shakila hakujua kama mgeni analia au anacheka. "Paka alihama uchoyo wako, Myao," alisema hatimaye. "Kwenye kumbukumbu utakuja. Hata kwa kubebwa."

Siku ilipofika, padri alipomaliza kunyunyiza maji ya baraka, watu walimtazama Notburga aanze kusema. Yeye akasogea pembeni. Alfani akatupa magongo, akajilaza kando ya kaburi.

"Hapa kalala mwizi!" akapaza sauti. "Haombewi mtu mpaka nipate kuku wangu!"

Leticia alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, machozi yakimtiririka, na Notburga akamtoa jogoo kwenye kikapu.