Mwonjaji wa Bugarama

Watu wa Bugarama watakuambia Tecla alirudishwa kwao Biharamulo kwa sababu ya ulevi. Waongo wakubwa hao! Tecla hajawahi kutia rubisi mdomoni, hata siku ya harusi yake alishika chupa ya soda mpaka gesi ikaisha. Kilichomponza ni dawa ya kutuliza mawazo, tena dawa isiyokuwa yake, na kila ninaposikia watu wanacheka habari hiyo kilabuni natamani niwamwagie hiyo pombe yao.

Alizaliwa Biharamulo, Msubi wa kusema na kutenda, akaolewa Ngara na Anastazi Ntirampeba. Babu yake Anastazi alivuka kutoka Burundi enzi hizo, akapewa ardhi, akapanda migomba na kahawa, na wajukuu wake wakawa watu wa Bugarama kama wengine. Anastazi alikuwa mnunuzi wa maharage, mcheshi, mtu wa kuingia nyumba ya watu akakuta wamenuna na akatoka amewaacha wanacheka. Tecla alimpenda kweli, si upendo wa kusukumwa na wazazi. Wakapata Clarisse, kisha kaka yake mdogo Fideli, na nyumba ikatulia.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Tecla katika ukwe huo. Kwao, mgeni akipewa uji anakunywa, basi. Kwa kina Anastazi, anayekupa kinywaji lazima akionje kwanza mbele yako, wenyewe wanaita kusogongera, ili uone kwamba hakikutiwa kitu. Siku za mwanzo alimpa mama mkwe wake, bibi Bernadetha, kikombe cha chai bila kukionja. Bibi alikishika mkononi mpaka chai ikapoa, hakunywa. Tecla aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Tangu hapo akawa anaonja kila kitu, hata maji.

Halafu Ndikuriyo akafa. Huyu alikuwa mdogo wake Anastazi, walishiba maziwa ya mama mmoja na hawakuachana. Alikunywa kilabuni jioni, asubuhi hakuamka. Hospitali walisema ini lake lilikuwa limeoza siku nyingi. Nani aliwasikiliza? Mtaa mzima ulishasema Ndikuriyo kalishwa kitu, na mtaa ukishasema umesema.

Basi Anastazi akaharibika. Moyo ulimwenda mbio amekaa tu kwenye kigoda. Viganja vikamlowa jasho. Usiku anaamka kushika komeo la mlango, anarudi, anaamka tena. Gulioni akaacha kwenda, maana huko lazima mtu akukaribishe kinywaji. Akawa hali chakula cha mtu yeyote ila cha mkewe, tena mkewe aonje mbele yake. Nguo zikampwaya, na ule ucheshi wote ukapotea.

Zahanati walimpima malaria, wakampima presha, hawakuona kitu. Mganga akamwambia kwa upole kwamba ana wasiwasi uliopitiliza, kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na kwamba kuna mtaalamu wa kuongea naye. Lo! Anastazi alitoka pale amefura. "Ananiita kichaa," akamwambia Tecla njiani. "Sirudi pale hata nikibebwa." Na kweli hakurudi.

Sasa mwanamke afanye nini? Tecla alikuwa na mwenzake wa kwaya, Yuster, ambaye siku hizo alikuwa amejiunga na watu wa kuuza virutubisho. Yuster akamwambia, "Shoga yangu, unamwacha mume anakauka na dawa ipo?" Akamchukua mpaka Nyakanazi, kwenye ukumbi wa nyumba moja ya wageni, malori yananguruma nje na harufu ya chipsi inaingia dirishani. Mbele alisimama kijana anaitwa Fabrice, kafunga tai, kashika kopo lenye picha ya jani la kijani. Alisema ndani mna mizizi kutoka India, mna maua ya kutuliza neva, mna madini ya magnesiamu ambayo mtu akiyakosa mwilini anakuwa na hofu bila sababu. "Ni asili tupu, mama zangu. Haina kemikali. Hata mtoto mchanga anaweza kutumia." Watu wakapiga makofi, na Tecla akapiga pamoja nao. Jumamosi iliyofuata akauza beberu wake, akanunua kopo.

Alipomkorogea Anastazi kikombe cha kwanza, alikionja kama alivyozoea, funda dogo, akampa kwa mikono miwili. Anastazi akakiangalia.

"Umeonja juu tu," akasema.

"Nimeonja, Baba Clarisse. Umeniona."

"Kitu kibaya hakikai juu. Kinazama. Kunywa mpaka nusu."

Angekuwa mwanamke mwingine angekiweka kikombe chini na kuondoka. Tecla alimwangalia mumewe, macho yamemtoka, midomo imempauka, akamhurumia. Akanywa mpaka nusu. Anastazi akakaa anamtazama kitambo kirefu, kisha akachukua kilichobaki, akatoka nacho uani, kwa sababu alisema hawezi kunywa dawa huku anaangaliwa. Akarudi na kikombe kitupu.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile, asubuhi na jioni. Tecla nusu, Anastazi nusu uani. Na dawa ikafanya kazi, msiniambie haikufanya! Mwezi haujaisha, Anastazi alilala usiku kucha. Baadaye kidogo akala ugali kwa kaka yake, Ildefonce. Akarudi gulioni. Siku moja Tecla alimsikia anamtania mwenye mashine ya kusaga, akajificha nyuma ya nyumba akalia kwa furaha. Alimwambia Yuster kwamba Mungu amemrudishia mume wake, na Yuster akamsimamisha kanisani atoe ushuhuda.

Lakini sasa yeye mwenyewe akaanza kuwa mzito. Akiinama kupalilia kahawa anajikuta amekaa chini, akikaa anasinzia. Maharage yaliungulia jikoni mara nyingi mpaka Clarisse akajifunza kuyaangalia. Mbuzi zikaingia shamba la jirani yeye amelala chini ya migomba, mchana kweupe, na jirani hakukaa kimya. Kwenye kwaya akapotea katikati ya wimbo. Hapo ndipo neno ulevi lilipoanza kutembea, na bibi Bernadetha akaanza kunusa vikombe vya mkwewe.

Kopo lilipoisha na Yuster akawa amesafiri, ndipo Tecla alipojua dawa imemfikisha wapi. Mikono ilimtetemeka mpaka akashindwa kufunga kanga. Moyo ukamwenda mbio amekaa tu. Usiku alisikia kila jani linaloanguka, na alipomgeukia mumewe alimkuta anakoroma. Alishangaa kidogo: mbona mwenzangu dawa imemwacha salama? Akajijibu kwamba wanaume wana miili migumu. Yuster aliporudi, Tecla alikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua mizigo, na tangu siku hiyo akawa anachota maharage ya akiba kimyakimya na kuyauza, ili kopo lisikatike tena.

Mwisho alijikaza. Alikwenda kuwasalimia wazazi, na huko huko Biharamulo akaingia hospitali na kopo lake ndani ya mkoba. Daktari, dada mmoja mpole, alilisoma lile kopo pande zote. Akamwambia, "Mama, hii mizizi na haya madini peke yake haviwezi kukufanya hivi. Kuna watu wanasaga dawa halisi ya usingizi na kuichanganya humu bila kuandika. Dalili zako ni za dawa hiyo. Usiache ghafla, utaumia. Utapunguza kidogo kidogo, na mimi nitakusaidia."

Unajua Tecla aliwaza nini? Hakuwaza nafsi yake, mpumbavu wa watu. Aliwaza kwamba Anastazi naye anakunywa sumu hiyo hiyo, na kwamba siku akiikosa atarudi kule kule kwenye komeo la mlango. Njia nzima ndani ya basi kutoka Biharamulo alikuwa anapanga maneno ya kumwambia asije akashtuka. Alipofika hakuvua hata viatu. Akamweleza yote, kuanzia maneno ya daktari mpaka maharage aliyouza, akamshika mkono.

"Tutapunguza pamoja, Baba Clarisse. Polepole, mimi na wewe."

Anastazi aliutoa mkono wake, akachukua kofia, akaenda kwa kaka yake.

Jumapili baada ya ibada kikaitwa kikao cha ukoo. Ildefonce alikaa kwenye kiti kama mkubwa wa ukoo. Bibi Bernadetha alikuwa kwenye mkeka. Wiston, kaka yake Tecla, alikuwa ameitwa kutoka Biharamulo, na hapo Tecla akaelewa, kwa sababu ndugu wa mke haitwi mbali hivyo kwa jambo dogo. Alikuwa amewapikia wote tangu alfajiri, ndizi na nyama, na vyungu vilikuwa jikoni vinangoja. Alimwamkia Ildefonce, "Shikamoo, shemeji," na marahaba ilitoka ya kinyonge sana. Akakaa chini, watoto wakafukuzwa nje.

Anastazi alisema vizuri, kwa sauti ya mtu mzima. Mke wake anatumia madawa. Analala mchana. Anaiba akiba ya nyumba. Daktari mwenyewe kathibitisha, na yeye hawezi kuacha watoto wake walelewe na mtu wa namna hiyo. Anaomba mke arudi kwao, watoto wabaki.

"Shemeji, una la kusema?" akauliza Ildefonce.

Tecla hakuogopa. Alikuwa na neno lake, na aliona ni neno la kumaliza kesi. "Maharage nimechukua, naomba msamaha. Lakini dawa ile sikuitafuta kwa ajili yangu. Ni yeye alikuwa mgonjwa. Nilikunywa ili naye anywe. Tumekunywa wote, kikombe kimoja, nusu kwa nusu. Kama mimi ni mtu wa madawa, basi tuko wawili. Mwambieni aseme kama ninadanganya."

Wote wakamgeukia Anastazi. Wiston alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa, kwa matumaini.

"Mimi?" akasema Anastazi. "Mimi sijawahi kumeza ile dawa hata tone. Nilikuwa naimwaga kwenye mgomba."

Wiston ndiye aliyeuliza. "Ulikuwa unaimwaga? Kwa nini sasa ulimnywesha dada yangu?"

"Nilikuwa namwangalia." Anastazi hakuona haya, aliongea kama anayeeleza bei ya maharage. "Baada ya Ndikuriyo sikuweza kumwamini mtu. Nikasema, kama kuna mkono unanitafuta, utapitia kwa huyu anayenipikia. Nikawa nampa anywe, nangoja. Leo hafi, kesho hafi. Siku zikapita, nikaona kumbe mtu huyu hana kitu, moyo wangu ukatulia wenyewe. Sikuhitaji dawa."

"Na baadaye, ulipopona?" Tecla akauliza. "Uliniona nasinzia. Uliona mikono yangu. Mbona hukuniambia niache?"

"Wewe ni mtu mzima. Nilidhani umeipenda."

Bibi Bernadetha aliinamisha uso. Labda aliona aibu, labda hakuona, mimi sitamsemea. Ildefonce akakohoa, akasema kwamba mambo ya zamani yasivuruge kikao, kwamba hali ya mama watoto wote wanaiona, na kwamba ni vema akapumzike kwao kwanza. Watoto watabaki kwa baba yao kama ilivyo ada. Wiston alisimama kwa hasira, na Tecla akamvuta koti akae. Alikuwa hana nguvu ya kugombana, na nguvu hiyo ilipokwenda tunapajua.

Alisimama mwenyewe, akajifunga kanga vizuri. Alimtazama mumewe, na nasema hivi kwa sababu nilisikia kwa aliyekuwepo: hakulia.

"Nikiondoka mimi," akauliza, "nani atakuonjea?"

"Siku hizi sina wasiwasi," akasema Anastazi. Akaagiza maji ya kunawa, akaagiza vyungu viletwe. Tecla alikuwa bado anakusanya nguo zake chumbani, na kupitia pazia alimwona mumewe anamega ndizi alizopika yeye, anachovya mchuzi, anakula, bila kumngoja mtu yeyote aonje.