Kiatu Ambacho Ivor Hakukileta

Kwa miaka thelathini na moja, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Neville Dewing alikaa nyuma ya meza ileile ya kukunja katika ukumbi wa kijiji cha Wickering, huko Norfolk, akiwavunja watu moyo. Hakuwa na nia mbaya. Alianza kuwapigilia farasi viatu akiwa na miaka kumi na mitano, na chama cha wasaka-vyuma kilipomwomba aje kuwatambulia viatu wanavyochimbua mashambani, alidhani ni kazi ya msimu mmoja.

Wasaka-vyuma hutembea mashambani viazisukari vikishavunwa, mashine zao za kunusa vyuma zimeinamishwa, masikio yamezibwa kwa vipokea sauti, wakitumaini dhahabu ya Warumi. Wanachopata ni vifuniko vya chupa, vifungo vya suruali na viatu vya farasi. Na kila kiatu, kwa aliyekichimbua, ni cha farasi wa vita aliyembeba mwungwana mwenye deraya na mkuki. Kazi ya Neville ilikuwa kumwarifu kwamba ni cha farasi wa kukokota jembe, ambaye yamkini aliitwa Captain, na kwamba alikufa kabla tu ya trekta kufika.

Alikuwa akisema maneno yaleyale. Huu mfereji unaounganisha matundu ya misumari, unauona? Na hiki kiulimi cha mbele kinachokumbatia kwato? Basi ni cha enzi ya babu yako. Hapo kiatu kiliingia kwenye ndoo iliyokaa chini ya meza. Desturi ya chama ilitaka mwenye kiatu akitupe kwa mkono wake, na wengine wanyamaze mpaka mlio uishe. Aliyeruhusiwa kusema ni katibu, Trevor Utting, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweza kumzuia. "Pole, jirani," alisema Trevor kila mara. "Mazishi ni ya familia tu."

Sasa Neville alikuwa na miaka sabini na tisa. Magoti yake yalikwisha kwa kubana miguu ya farasi wa watu, na mgongo wake ulikuwa na maoni yake kuhusu kila kiti. Viatu havikumchosha. Zilizomchosha ni nyuso, ule muda mfupi kabla ya kutamka mwaka, mtu mzima mwenye wajukuu anapokutazama kama mtoto aliyesimama mbele ya duka la peremende. Kila mwezi alirudi nyumbani akiapa kuacha. Kila mwezi akaenda tena, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua.

Beryl Catchpole alikuja kwake Jumatano moja ya Februari, mchana, akiwa na kopo la biskuti kwapani. Mumewe, Ivor, alikuwa amefariki mwezi wa Novemba. Ivor alidumu chamani miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyebeba birika kubwa la chai, ndiye aliyepanga viti, na kwa muda wote huo alileta mezani vifungo, risasi kuukuu na hata nusu ya kijiko, lakini kiatu cha farasi hakuleta hata kimoja. Trevor alikuwa na wimbo wake kuhusu hilo pia: Ivor anaiogopa ndoo. Ivor alicheka na kumwongezea maziwa. Watu waliamini ndivyo ilivyo, na Neville naye aliamini.

Beryl hakuvua koti. Alieleza kwamba anahamia Lowestoft kwa dada yake, kwenye nyumba yenye kabati moja, na kwamba wanaume wa kuondoa vyombo visivyohitajika wangefika kesho yake asubuhi. Aliweka kopo mezani.

"Sitaki unifariji, Neville," alisema. "Mume wangu aliniacha nyumbani kila Jumapili kwa miaka ishirini na miwili. Nataka kujua kama ilikuwa na faida yoyote. Hiki alikificha. Kama ni takataka, sema tu, kiende pamoja na zulia kuukuu."

Neville alifungua kopo. Ndani, juu ya leso, kulikuwa na kiatu chembamba kama biskuti zilizokuwamo zamani. Alivaa miwani, akakipeleka dirishani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akasahau magoti yake.

Mfereji haukuwapo. Kiulimi hakikuwapo. Matundu yalikuwa sita, matatu kila upande. Matano yalikuwa yamelika mpaka yamefunguka, lakini la sita lilibaki zima: la mstatili, limezamishwa ndani ya bonde lake dogo. Na kando ya tundu hilo ukingo wa nje ulivimba, jinsi chuma chembamba kinavyovimba mfuaji anapokitoboa kikiwa cha moto. Kiatu kilipokuwa kizima kilikuwa na ukingo wa mawimbi. Neville alikuwa ameona viatu vya aina hiyo nyuma ya kioo, kwenye jumba la makumbusho. Juu ya meza yake, hata kimoja.

Kisha akaona kilichokila. Udongo hula chuma kwa magamba na vidonda. Hiki kililiwa kwa ulaini, pande zote sawa, kama peremende iliyonyonywa. Neville alikijua kitu kimoja tu kinachokula chuma namna hiyo, maana alikichora yeye mwenyewe.

Ilikuwa karatasi ya maelekezo, mwaka ambao Ivor alijiunga. Jinsi ya kuondoa kutu: ndoo ya maji, magadi ya kufulia, chaja ya betri ya gari. Waya mweusi unafungwa kwenye kiatu, mwekundu kwenye kipande chochote cha chuma kisicho na faida, na kutu inaachia yenyewe. Katika mchoro wake Neville alizibadilisha nyaya. Ukifunga mwekundu kwenye kiatu, kinachoyeyuka ni kiatu. Aligundua baada ya wiki, akachora karatasi ya pili, akaigawa mkutano uliofuata kwa wote waliokuwapo. Ivor hakuwapo. Alikuwa hospitali kwa ngiri, na Neville alikumbuka vizuri sana kwamba alitia sahihi kadi ya kumtakia nafuu, na kwamba alijiambia atamweleza akirudi.

Alisimama dirishani muda mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji. Ilikuwa rahisi kusema udongo wa Norfolk ni mkali, na usingekuwa uongo. Ilikuwa rahisi zaidi kusema ni cha Captain, zulia na kopo viondoke kesho, naye alale. Alikuwa amechoka kiasi cha kutosha kufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Ni cha kabla ya mwaka elfu moja mia mbili na hamsini," alisema. "Sijawahi kuletewa kingine kama hiki."

Beryl akakaa, koti likiwa bado mwilini.

"Usinidanganye."

"Watu wananiomba niwadanganye kila mwezi, Beryl, na sijaweza. Leo ndiyo sina nguvu kabisa za kuanza." Alirudisha kiatu kwenye leso. "Lakini kilikuwa kizuri kuliko hivi. Kimeyeyuka, na kimeyeyushwa na karatasi yangu."

Akamweleza habari za nyaya. Alieleza kirefu, akarudia, akachora hata kwa kidole mezani. Beryl alisikiliza kama mtu anavyomsikiliza fundi bomba anayeeleza kwa nini dari imeanguka.

"Alijua," alisema Beryl, Neville alipomaliza.

"Alijua nini?"

"Kwamba ulikosea. Ivor alipotoka hospitali, Trevor alimletea ile karatasi ya pili, kiatu kikiwa tayari kwenye ndoo tangu juzi yake. Alikaa kwenye mlango wa banda amekishika. Mimi nikamwambia, kipeleke kwa Neville akione. Akasema nikikipeleka atajua, na akijua ataacha kuja, na wale wapumbavu watabaki na Trevor." Alipangusa makombo ambayo hayakuwapo. "Aliniambia ni cha zamani. Lakini Ivor alisema kila kitu ni cha zamani. Hata friji yetu. Ndiyo maana nikaja kuuliza."

Neville alikwenda jikoni. Aliweka birika motoni, akasimama karibu nalo mpaka lichemke, akiwaza habari ya mtu aliyechekwa kwa miaka ishirini na miwili huku akimwagia wenzake chai.

Walipokunywa alitoa fomu ya ofisi ya kaunti inayoandikisha vitu vya kale, kwa sababu kiatu kama hicho kinastahili kuandikishwa. Mvumbuzi: Ivor Catchpole. Shamba na tarehe walivikuta kwenye daftari la Ivor, ambalo Beryl alikuwa nalo mkobani, limeandikwa vizuri kuliko daftari la chama. Palipoulizwa hali ya kitu, Neville aliandika kwamba kiliharibiwa wakati wa kusafishwa, kwa kufuata maelekezo yenye kosa, na baada ya hapo akaandika maelekezo yalikuwa ya nani.

Beryl alisoma mstari huo mara mbili.

"Angekasirika," alisema. "Amenyamaza miaka yote hiyo, wewe unamharibia kwa mstari mmoja."

"Angekasirika," Neville alikubali, akatia sahihi.

Ofisi ingetaka kukiona, kwa hiyo kopo lilibaki mezani. Alimsindikiza mpaka nje, hatua kwa hatua, wote wawili wakiilaumu baridi kwa mambo ambayo si yake. Getini Beryl aligeuka, akamwambia wakishamaliza nacho kiletwe Lowestoft.

"Kabati lenyewe ni moja," alisema. "Lakini umekipunguza vya kutosha. Kitaenea."

Neville akamfungulia geti.