Mama Pasi Apanda Ndege Isiyo na Injini

Wenzake wa chumba cha kufulia pale hospitalini walimwita Mama Pasi, naye hakukasirika. Shuka lililowashinda wengine yeye alilinyunyizia maji, akaiachia pasi iteleze mara moja, mikunjo yote kwisha. Goti ndilo lililomwangusha. Lilianza kukwaruza kama mlango mbovu, na daktari akamweleza kwamba ute unaoiwezesha mifupa kuteleza umepungua. Akastaafu, akakaa nyumbani kuwasumbua wajukuu.

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa rubani wa ndege zisizo na injini.

"Hilo ni jeneza lenye mabawa," mama alisema kila alipoalikwa. Lakini binti alibembeleza mwaka mzima, mpaka mama akachoka kukataa.

Uwanjani walimfunga mikanda kwenye kiti cha mbele, binti akakaa nyuma. Ndege nyingine, yenye injini, ikawavuta kwa kamba. Mama alifumba macho akasali sala zote alizozijua. Huko juu kamba ikafyatuka, na kelele zikakatika.

"Injini imezimika!"

"Ile haikuwa yetu, mama. Imeshaondoka zake."

"Sasa tumeshikwa na nini?"

"Hewa tu."

Akafumbua jicho moja. Ndege ilikuwa ikiteleza kimya, upepo ukinong'ona kwenye kioo.

"Tunashuka polepole," binti alisema. "Mwendo wetu unatokana na huko kushuka. Tukitaka kupanda, tutafute hewa inayopanda."

"Utaionaje, wewe mtoto?"

"Muone yule."

Mwewe alikuwa akizunguka juu ya mapaa ya bati, mabawa yametulia tuli, na kila mzunguko ukimpandisha. Jua lilikuwa limeyapasha yale mabati, na hewa yake ya moto ilikuwa ikipanda. Binti akainamisha bawa, akamfuata. Ghafla kiti kikamsukuma mama kutoka chini, kama mtu anayebebwa mgongoni. Wakapanda. Hakuna kilichonguruma, hakuna bawa lililopigwa, na bado walipanda, hadi mwewe akawa jirani yao, manyoya ya ncha za mabawa yake yametanuka kama vidole. Aligeuza kichwa, akamtazama Mama Pasi machoni.

Mama akaanza kulia. Chini aliiona hospitali, ndogo kuliko kiganja chake, na vitambaa vyeupe kwenye kamba za kuanikia.

"Mambo haya yalikuwapo siku zote?" aliuliza. "Nami nimeinamia meza ya pasi pale?"

"Siku zote, mama."

Hatimaye magurudumu yakagusa nyasi. Watu wakaja kumsaidia kushuka, akawafukuza kwa mkono.

"Niacheni kidogo. Roho yangu haijatua."

Siku hizi yupo pale uwanjani kila mwisho wa juma, kiti chake kivulini, goti kalinyoosha. Wageni wenye hofu huletwa kwake awatulize. Humuuliza huko juu kukoje. Naye, mwanamke aliyejulikana kwa maneno mengi, hufungua mdomo, akatazama juu, akaufunga.