Kalibu ya Shangazi Salome

Siku ile siisahau, mwanangu, Shangazi Salome alipousukuma ukuta wa shule yetu ukaanguka mbele ya kijiji kizima. Niliikumbuka jana nilipokuona umeifunika kompyuta yako, umenuna, unasema kuandika programu kumekushinda.

Ndio kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, huko Issuna. Shule hakuna. Tuliambiwa tukipandisha kuta za chumba kimoja kabla ya mvua, mwalimu ataletwa; tukichelewa, tungoje mwaka mwingine. Mimi nilishakuwa binti mkubwa, na baba alikwisha kusema mwaka mwingine haupo, nitaolewa. Matofali yale yalikuwa maisha yangu.

Sasa sikia vituko. Tulihamia pamoja, lakini kila kaya ilikuja na kalibu yake ya kufyatulia matofali, kila mzee kapima kwa kiganja chake, na hakuna aliyeikubali ya mwenzake. Ukuta ukatoka tumbo. Shangazi, dada yake baba, akautazama kidogo, akausukuma. Wazee wakafoka! Yeye akasema tu, "Afadhali uanguke leo kuliko kuwaangukia watoto. Leteni ubao."

Akachonga kalibu moja, nyingine zote zikapimwa kwa hiyo. Kisha akatupanga mstari, akawa anaita: "Lowesha! Jaza! Sawazisha! Nyanyua!" Akiita neno, kila mwenye kalibu anafanya lilelile. Jamani, ilipendeza!

Ila kalibu niliyochonga mimi ilikuwa inamega pembe za matofali. Nikakaa na kisu, narekebisha tofali mojamoja. Akaja kunisimamia.

"We Mariamu, utakwangua matofali mpaka lini? Ugonjwa uko kwenye kalibu. Chonga nyingine."

"Sawa, Shangazi. Nilikuona ukichonga, naijua."

"Macho hayachongi, mama. Shika ubao."

Ya kwanza ikaenda upande. Akaitupa motoni, akacheka: "Nyingine!" Hiyo nayo ikawa kuni. Nililia, mwanangu, mawingu yanakusanyika na mimi bado nachonga. Mwishowe nikatoa tofali lenye pembe zote nne. Shangazi akapiga vigelegele mpaka wazee wakaacha kazi kuja kuona. Mtu wa namna ile sijamwona tena.

Mvua ilinyesha paa limeshaezekwa. Mwalimu akaja. Madawati hayakuwepo, nikajifunza kusoma nimekalia tofali langu mwenyewe.

Sasa wewe ulinieleza kwamba klasi ni mfano mmoja unaouandika, vitu vingi vikatoka humo, na methodi ni kazi ambayo kila kitu huifanya kikiitwa. Mbona unajua! Ulichokosa ni kuchonga. Kutwa unatazama video za wenzio wakiandika, wewe huandiki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Andika klasi ndogo, hata ya mbuzi wa babu yako. Ipe methodi ya kula, ipe ya kulia. Mbuzi wakitoka vilema, usihangaike na mbuzi mmojammoja, rudi kwenye klasi. Ikiharibika, futa, andika nyingine. Kulia ruhusa, lakini mikono isisimame.

Mungu akupe mikono ya Shangazi Salome, na kila utakachokifyatua kisimame hata mvua ikinyesha. Haya, ifunue hiyo kompyuta. Mimi nakaa hapa hapa, vigelegele vyangu viko tayari.